Kosa Lijulikane Lini, na Nani Alilipie

Mwezi wa saba ukiingia, kahawa inaanza kuiva huku uchagani na mimi naacha kabisa kugusa programu za vyama vya msingi ninavyovihudumia. Hata wakiniomba niongeze kitufe kimoja tu, nakataa. Kuanzia hapo hadi Desemba mizani ziko kazini, wakulima wanaleta, makarani wanaandika, na seva ikizima siku ya mapokezi hakuna mtu Kibosho atakayenielewa nikimwambia tulikuwa tunaboresha. Arusha kalenda ni nyingine. Kampuni za utalii zinajaa wageni kuanzia Juni hadi Oktoba, zinajaa tena Krismasi hadi Februari, halafu masika yakishuka mwezi wa nne na wa tano ofisi zinapoa, magari yanapelekwa gereji, na ndipo bosi anapata nafasi ya kukaa na wewe akakuonyesha fomu ya wageni inamkera wapi.

Naanza na misimu kwa sababu mabishano mengi ya fani yetu yanaendeshwa kana kwamba misimu haipo. Wakikutana vijana wa kompyuta wawili watatu, iwe Moshi mjini au Njiro, haichukui muda wataangukia kwenye moja ya mada mbili. Ya kwanza ni njia ya kufanyia kazi: upange kila kitu mwanzo ndipo ujenge, au ujenge kipande kidogo, umwonyeshe mteja, urudi tena. Ya pili ni lugha ya kuandikia programu: utumie ile inayokagua aina ya kila data, kama ni namba au maandishi, kabla programu haijaanza kukimbia, au ile inayokuacha uandike upesi na mambo mengine mtajuana mbele ya safari. Kila mada ina mashabiki wake na matusi yake. Mimi naona ni ubishi mmoja. Makosa yamo katika kila programu, hilo hatubishani. Tunachobishania ni kosa lijulikane lini, na likishajulikana nani alilipie.

Chukua daftari la mapokezi. Kwenye chama kimoja cha msingi, njia ya kupandia Kibosho, Mama Katibu ana daftari kubwa la jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Safu ya kwanza namba ya mwanachama, ya pili jina, kisha kilo, kisha maelezo, mwisho sahihi au dole gumba. Niliitwa kwa sababu programu waliyokuwa wameuziwa na kampuni moja ilikuwa inatoa orodha ya malipo ya awali isiyolingana na daftari. Nikamwamkia, nikavuta benchi, nikaomba tupitie ukurasa mmoja mmoja.

"Mama, hapa kwenye kilo umeweka kistari. Hapa chini umeweka sifuri. Na huyu hujamwekea kitu."

"Wa kistari hakuja."

"Na wa sifuri?"

"Alikuja. Kahawa yake ilikuwa haijakauka, nikamrudishia yote akaanike. Lakini alikuja, na lazima ijulikane alikuja, maana kwenye mkutano atasimama aseme katibu alimfukuza."

"Na huyu aliyebaki wazi?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, gunia lake si hilo hapo kwenye kona? Mizani ilizima. Nitaandika nini?"

Kwenye ile programu, kisanduku cha kilo kilikuwa kinapokea tarakimu tu, na ukikiacha wazi kilijijaza sifuri chenyewe. Aliyekosa kuja, aliyekataliwa, na yule ambaye gunia lake linasubiri mizani, wote wakawa mtu mmoja aliyeleta kilo sifuri. Mwenye gunia akakosa malipo ya awali. Wastani wa kilo kwa mwanachama ukashuka, na taarifa ikipanda ngazi za juu ikiwa hivyo, mtu aliye mbali na mlima ataiamini na kuanza kuuliza mibuni ya Kibosho imepatwa na nini.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko ile kampuni. Edgar Codd wa IBM ndiye aliyetoa mwaka 1970 mpango wa kuhifadhi data kwenye majedwali yenye uhusiano, ambao karibu kila kanzidata ya ofisini leo imejengwa juu yake. Baadaye ikabidi aseme kitu kuhusu nafasi tupu, na SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, ikaishia na alama moja ya nafasi tupu, NULL. Kufikia 1990 Codd mwenyewe alikuwa anasema moja haitoshi, zinahitajika mbili: moja ya thamani iliyopo ila haijajulikana bado, nyingine ya thamani isiyoweza kuwepo kwa mhusika huyo. Hizo ni nafasi tupu na kistari vya Mama Katibu, bila kupungua. Watengenezaji wa kanzidata hawakumfuata, na ukiangalia usumbufu ambao alama moja imeleta huwezi kuwalaumu sana. Ukiuliza SQL kama NULL ni sawa na NULL, haisemi kweli wala uongo, inasema haijui. Ukitafuta wastani, inaziruka kimyakimya. Ukiomba orodha ya wasiokuwemo kwenye orodha nyingine, na ile nyingine ina NULL moja imejificha, unapata karatasi nyeupe. Chris Date, mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko karibu wote kuueneza mpango wa Codd, alipinga NULL moja kwa moja na kutaka iondolewe kabisa. Wawili hao walibishana hilo kwa miaka.

(Sisemi Mama Katibu awafundishe. Daftari lake haliwezi kujumlisha kilo za wanachama mia kadhaa usiku mmoja, na ndiyo maana chama kilinunua kompyuta.)

Upande wa lugha nako kuna mtu wa aina hiyo. Tony Hoare, mwaka 1965, akibuni sehemu ya lugha ya ALGOL W, aliweka ndani yake kielekezi (kinachoonyesha data iko wapi) kisichoelekeza popote, kwa sababu, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, ilikuwa rahisi mno kukiweka. Mwaka 2009 alisimama mbele ya watu akakiita kosa lake la dola bilioni moja. Lugha zilizokuja baadaye zimelichukulia hilo kwa uzito. Kotlin, Swift na Rust hazikuruhusu kutumia kitu kinachoweza kukosekana kabla hujasema utafanya nini kikikosekana. Kompaila, yaani programu inayogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine, inakataa tu. Unaandika kilo mara bei, inakuuliza: na kilo zisipokuwepo? Huwezi kupita mpaka ujibu.

Hapo ndipo ninapowaelewa mashabiki wa lugha kali. Swali ambalo mimi nilikwenda kuliuliza nikiwa nimeketi kwenye benchi, huku malipo yakiwa yameshaharibika na mtu ameshakosa hela ya ada, mashine ingeweza kumuuliza mwandishi wa programu ofisini kwake, kabla hajauza chochote. Gharama ingekuwa robo saa ya kukunja uso. Badala yake imelipwa na mkulima ambaye hajui hata hiyo programu inaitwaje.

Lakini subiri. Kompaila ingeuliza kama tu mwandishi angekuwa ameandika kwamba kilo zinaweza kukosekana. Angeandika kwamba kilo ni namba, basi, Rust ingeipokea sifuri kwa heshima zote na kuijumlisha bila hata kosa moja. Lugha inakubana kwenye yale uliyokwisha kuyajua. Haiwezi kukupandisha Kibosho ukaone kistari. Ili ukione kistari inabidi uwe umekaa na daftari, na kukaa na daftari ni suala la njia ya kazi.

Wanaotetea njia ya vipande wanajua hilo, na ndiyo hoja yao iliyo bora. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakatoka na lile tamko la Agile, jina ambalo njia ya vipande inajulikana nalo: programu inayofanya kazi itangulie mbele ya lundo la nyaraka, kushirikiana na mteja kutangulie mbele ya kuvutana kwenye mkataba. Kabla ya hapo Kent Beck na wenzake walikuwa wanafanya njia waliyoiita Extreme Programming kwenye mfumo wa mishahara wa Chrysler, na moja ya masharti yake ni kwamba mteja akae chumba kimoja na waandishi, awepo wa kuulizwa wakati wowote. Yaani Mama Katibu na daftari lake awe kwenye kona ya ofisi yangu. Swali la kistari lingejibiwa wiki ya kwanza, kwa bei ya kikombe cha chai. (Mfumo wenyewe wa Chrysler ulisimamishwa mwaka 2000 kabla haujafikia kulipa wafanyakazi wote, na wapinzani hawachoki kulikumbusha hilo. Mimi halinisumbui sana. Miradi hufa kwa sababu nyingi.)

Kinachonisumbua ni ile kona ya ofisi. Siku ya Mama Katibu nani anailipia? Akishuka kwangu, kahawa inapokelewa na nani? Mwenye kampuni ya utalii naye, msimu wa wageni, asubuhi yuko kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, mchana anatafuta gari la akiba kwa sababu moja limekwama njia ya Seronera, usiku anajibu barua pepe za Ujerumani. Ukimwambia mkutane kila baada ya wiki mbili aone ulichojenga, atakuitikia kwa adabu na hatokei. Njia ya vipande inagundua kosa mapema, kweli, ila inaligundua kwa kutumia muda wa mteja, na muda huo vitabuni umeandikwa kama vile ni wa bure. Kwa shirika lenye mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo tu, sawa. Kwa chama cha wakulima kinachoendeshwa na katibu, karani na mlinzi, huo ni mzigo mzito kuliko bei ya programu.

Na mengine yaliyokuja na njia hizo yanachekesha kidogo. Nimeona kikosi cha watu wawili, ndugu, wanasimama kila asubuhi dakika 15 wakielezana walichofanya jana, wakati jana hiyo walikuwa meza moja.

Upande wa pili ni ule mtindo wa maporomoko: mahitaji, kisha ramani, kisha ujenzi, kisha majaribio, kisha makabidhiano, maji hayarudi juu. Kila anayeusema vibaya anamtaja Winston Royce, aliyechora mchoro wake kwenye makala ya mwaka 1970. Wachache wanakumbuka kwamba baada ya mchoro huo Royce aliandika kuwa kufanya hivyo ni hatari na kunaalika kushindwa. Akashauri kazi ifanywe mara mbili, toleo la kwanza liwe la kujifunzia na lile la pili ndilo akabidhiwe mteja. Mchoro ukaishi, maneno yakasahaulika. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikatoa kanuni yake ya kununulia programu, DOD-STD-2167, iliyosomeka kwa wengi kama amri ya kufuata hatua hizo kwa mpangilio na nyaraka za kila hatua, na toleo lake la marekebisho likaondolewa mwaka 1994 tu.

Kwa nini mchoro uliishi? Nadhani ni kwa sababu unanunulika. Hatua imekwisha, sahihi, hundi. Zabuni zetu nazo ziko hivyohivyo. Unapewa hadidu za rejea, unaweka bei moja, unataja tarehe ya kukabidhi, unalipwa kwa mafungu. Zamani nilikuwa naona huo ni ushamba wa wanunuzi. Sasa nimehudhuria mikutano mikuu ya vyama kadhaa, naelewa. Mwenyekiti anasimama mbele ya wanachama waliokatwa shilingi kwa kila kilo, anatakiwa aseme programu ni kiasi gani na itaanza lini. Hakuna mkutano utakaopitisha kwa kunyoosha mikono hoja inayosema tutaanza halafu tutaona. Vyama vya mlima huu vina kumbukumbu ndefu kuhusu hela zao. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Kilimanjaro, imeanza mwaka 1933, na chama cha wakulima kilichoitangulia mwaka 1925. Babu za hawa wanachama walikuwa wanadai hesabu kabla Codd hajafikisha umri wa kwenda shule.

Kwa hiyo mkataba wangu kwenye karatasi ni maporomoko matupu, na sioni haya. Ndani yake nimeficha ushauri wa Royce. Kati ya Februari na Juni, kabla ya mavuno, napanda bila kompyuta. Nasoma madaftari ya misimu iliyopita, hasa safu ya maelezo, hasa yaliyofutwa na kuandikwa upya. Kisha nachora fomu kwenye karatasi na kumpa katibu aijaze kwa kalamu kwa kutumia ukurasa wa mwaka jana. Pale anapoandika nje ya kisanduku, pale anapoongeza alama yake pembeni, ndipo kosa langu lilipo, na limejulikana kabla sijaandika msimbo wowote. Msimu wa kwanza daftari na programu vinakwenda sambamba, daftari ndilo linalolipa. Msimu wa pili tunageuza. Mtu wa Agile akiniona atasema hiyo ni Agile ya polepole, mtu wa zabuni atasema ni hatua ya kwanza na ya pili. Waiite wanavyotaka.

Kuna ubishi wa zamani kuhusu gharama hii hasa. Barry Boehm, mtafiti wa uhandisi wa programu, alionyesha mwaka 1981 kwamba kosa la mahitaji likigundulika programu ikiwa imeshaanza kazi, kulirekebisha kunagharimu mara nyingi zaidi kuliko lingegundulika mwanzoni. Beck mwaka 1999 akajibu kwamba kwa majaribio ya mara kwa mara na msimbo msafi, mkunjo huo wa gharama unaopanda unaweza kulazwa chini, kubadilisha kesho kusiwe ghali sana kuliko leo. Wote wawili wanapima gharama ya anayerekebisha. Kulirekebisha kosa la sifuri lilikuwa jambo la asubuhi moja. Kumrudishia yule mzee imani kwamba kompyuta haimwibii, hilo halimo kwenye mkunjo wa yeyote kati yao, na sijui utaliweka kwenye safu gani.

Turudi kwenye lugha, maana mtu ataniuliza utafiti unasemaje. Unasema kidogo kuliko makelele. Mwaka 2014 kulitoka utafiti uliochambua miradi 729 ya GitHub, mtandao ambako waandishi wa programu wanaweka kazi zao, katika lugha 17, ukasema lugha zenye ukaguzi mkali zina makosa machache kidogo. Ulisambaa sana. Mwaka 2019 kikosi kingine, akiwemo Emery Berger na Jan Vitek, wakarudia uchambuzi na kukuta sehemu kubwa ya matokeo haisimami, na iliyosimama ni ndogo. Kabla yao, mwaka 2017, watafiti wengine walichukua makosa halisi ya programu za JavaScript yaliyokwisha kurekebishwa, wakajaribu kuona ni mangapi yangekamatwa mapema na TypeScript au Flow, vifaa vinavyoiongezea JavaScript ukaguzi wa aina. Wakapata asilimia 15. Asilimia 15 kwa kuandika maelezo ya aina tu, mimi naichukua mikono miwili. Ila haiwezi kuwa sababu ya watu kununiana.

Ninavyoona mimi, ukali wa lugha unalipa zaidi kwenye vitu vinavyofanana na namba na si namba. Namba ya simu si namba. Ukiiweka 0754 na kuendelea kwenye safu ya tarakimu, ile sifuri ya mbele inaliwa, na malipo ya wakulima kwa simu yanagoma. Saa si namba. Arusha dereva akiandikiwa saa 2, anakwenda hotelini baada ya chai ya asubuhi. Mgeni aliyesoma karatasi hiyohiyo kwa Kiingereza amesimama nje saa nane usiku na begi. Mwaka 1999 chombo cha NASA kilichokwenda Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama za metriki. Zilikuwa namba tu, zikapita. Lugha ya F# inakuwezesha kuandika kipimo kama sehemu ya aina, ukijumlisha futi na mita inakukatalia. Ningetamani ningekuwa nacho hicho kwa saa za Kiswahili.

Na namba ya mwanachama ndiyo mbaya kuliko zote. Chama kimoja kinaandika namba kwa tawi, kitongoji na mtu: tawi la 1, kitongoji E, mtu wa 3, ni 1E3. Chama kina pia namba za zamani za tarakimu tupu, mojawapo 1000. Sasa iulize PHP, lugha tuliyoandikia mfumo wetu, kwa alama mbili za sawasawa, kama "1E3" ni sawa na "1000". Inajibu ndiyo. Inaona maandishi mawili yanayofanana na namba, inayageuza yote kuwa namba, na 1E3 kwa maandishi ya kisayansi ni moja na sifuri tatu, yaani elfu moja. Toleo la 8 la mwaka 2020 lilirekebisha vituko kadhaa vya namna hiyo. Zamani sifuri ilikuwa sawa na neno lolote, hilo sasa limekwisha. Hiki hawakukigusa. Unatakiwa utumie alama tatu. Rasmus Lerdorf alipoianza PHP miaka ya 1990 ilikuwa vifaa vyake vya kuhudumia ukurasa wake binafsi, ambako kila kitu kinakuja kutoka kwenye fomu kikiwa maandishi, na kugeuza kwa upole lilikuwa jambo la wema. Hakuwa anafikiria vitongoji vya Kibosho.

Kijana ninayefanya naye kazi, aliyemaliza chuo juzijuzi, ndiye aliyeikuta 1E3, wakati wa majaribio, na tangu siku hiyo hana amani. Anataka mfumo wote uandikwe upya kwa Rust. "Kaka, hii lugha inadanganya," ananiambia. Nakubali, inadanganya. Nampa mfano wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, waliotupa msimbo wao mwaka 1998 wakaanza upya, toleo jipya likatoka Novemba 2000 wakati watu wameshahamia Internet Explorer. Anasema sisi si Netscape, sisi tuna moduli saba. Hoja nzuri. Namuuliza: mimi na wewe tukiondoka, wewe ukapata kazi Dar, chama kitampata wapi mtu wa Rust hapa Moshi wa kuja Jumamosi kwa nauli na chakula cha mchana? Vijana wa PHP na JavaScript wapo, nikipiga simu nampata mmoja kabla ya jioni. Anasema huo ndio mduara unaotubakiza hapa tulipo, hatuwezi kuwa na watu wa Rust kama hakuna anayewapa kazi ya Rust. Hapo sina jibu, na sijajifanya ninalo.

Ninachoogopa kwake ni kitu kingine. Akiandika upya, ataandika upya kutoka kwenye msimbo, si kutoka kwenye daftari, na yale maswali niliyoyapata kwenye benchi yatapotea njiani kwa sababu kompaila haijayauliza. Nimemwambia hivyo. Amesema basi atapanda mwenyewe akakae na Mama Katibu, na kwa kweli hilo limenifurahisha kuliko Rust yenyewe.

Tulichokubaliana mpaka sasa ni hiki. PHP inabaki. Tangu toleo la 7 unaweza kuiwashia ukali faili moja moja kwa mstari mmoja juu ya ukurasa, ikaacha kugeuzageuza data unapozipitisha kwenye fankisheni zake zenye aina. Tutaanza na faili za malipo, halafu wanachama, taarifa za kuchapisha mwisho. Namba ya mwanachama inapata aina yake yenyewe, isiweze kulinganishwa na kitu kingine. Kilo zinapata hali nne: zimepimwa, zimekataliwa, zinasubiri mizani, hakuleta. Yeye anaruhusiwa kuandika kwa Rust sehemu ya kupatanisha orodha ya malipo na taarifa za mtandao wa simu, inayosimama peke yake na isiyozidi kurasa chache, na aandike maelezo ambayo mtu wa PHP anaweza kuyafuata. Ikifika msimu ujao haijatuangusha tutabishana tena. Hatugusi kitu mpaka malipo ya pili yatoke, na amekwisha kuniuliza mara mbili yanatoka lini.